Fundi Aliyepima Maji ya Ubatizo

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza marehemu, mimi ni dada yake mdogo, niliyemfuata kwa kuzaliwa, na ndiye niliyepewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu. Wengi mnanijua kama mzee wa kanisa. Mnajua pia kwamba kanisani kwetu wasifu wa marehemu una aya moja isiyokosekana, ile inayosema aliokoka mwaka gani na alibatizwa lini. Kwa aya hiyo mchungaji huvaa joho na kanisa likaomba juu ya jeneza. Aya hiyo isipokuwepo, familia inajizikia yenyewe. Watu wanaotupenda wameniomba niitafute aya hiyo ya kaka yangu, hata iwe fupi, hata iwe ya dakika za mwisho. Nitawasomea nilichokipata.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 17 Februari 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa reli, ambako baba yetu alikuwa karani wa mizigo. Mama alikuwa mshonaji. Tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi. Wazazi wetu walikuwa watu wa sala, na kila jioni tulipiga magoti wote wanne kukizunguka kitanda chao. Baba akiomba, kaka alikuwa anafumbua macho na kuangalia dari, kisha dirisha, kisha mlango, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni anakuja na hajui atapitia wapi. Msiniulize nilijuaje kwamba alifumbua macho.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuimba. Mwaka wake wa mwisho, mwalimu wa dini aliwataka wote waliompokea Bwana wanyooshe mikono ndipo waende kula. Darasa zima likanyoosha. Kaka peke yake aliweka mikono mezani. Mwalimu akamuuliza ana nini, naye akajibu, "Mimi bado, mwalimu." Mwalimu akasema basi tutamsubiri. Wakasubiri. Wenzake walimkodolea macho, wakamkanyaga miguu chini ya meza, mmoja akamnong'oneza, "Nyoosha tu bwana, tuna njaa!" Hakunyoosha. Mwishowe mwalimu mwenyewe akashikwa na njaa, akawaruhusu, na kwa muhula mzima hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye dawati moja. Baada ya hapo alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ufundi bomba mwaka 1969.

Naomba niseme jambo hapa kabla sijasahau. Watu wengi walimtafutia kaka jeraha. Walidhani kuna mchungaji aliyemuudhi, au mtoto aliyemfia, au kitabu kibaya alichokisoma ujanani. Kila mwinjilisti mpya aliyefika alianza naye upya, kama daktari anayeminya tumbo na kuuliza, "Hapa panauma? Na hapa je?" Hapakuuma popote. Mimi mwenyewe nilimuuliza mara nyingi, tena kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nampenda na nilikuwa naogopa. Alinijibu, "Mdogo wangu, sina ugomvi na mtu. Nimetafuta kwa nguvu zangu zote. Sioni kitu." Alilisema hilo kwa unyonge, si kwa majivuno, na ndiyo maana lilinikera zaidi. Mtu mwenye majivuno unajua pa kumshika.

Mwaka 1970 aliajiriwa idara ya maji ya mji, akatumika huko hadi alipostaafu mwaka 2006. Hakuna mtaa ambao hakuwahi kuuchimba. Alikuwa mtu wa maneno machache na vichekesho vikavu, na vifaa vyake alivipanga vizuri kuliko wengi wetu tunavyopanga nyumba. Aliwatengenezea mabomba wajane wengi, na baadhi yao mko hapa, lakini sitamtetea kwa mabomba. Kanisa letu halifundishi kwamba mtu anaokolewa kwa kazi zake, na yeye mwenyewe angenikatiza hapa hapa kama angesikia namnunulia njia kwa koki za watu.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na wifi yangu, aliyekuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Kwa kuwa bwana arusi hakuwa mwamini, kanisa halikuwafungisha. Walifunga ofisi ya serikali, mbele ya karani mwenye mafua, na wifi akasimamishwa kwaya mwaka mzima. Alikubali adhabu bila kununa. Walijaliwa binti mmoja. Kila Jumapili kaka alimsindikiza mkewe mpaka mlango wa kanisa, akamshikia mwavuli au kitabu cha nyimbo, kisha akageuka. Kuanzia hapo mpaka ibada inapokwisha mtaa wetu ulibaki na yeye na mbwa. Majirani wote wako ndani, maduka yamefungwa, redio zimezimwa. Alikaa kwenye ngazi ya duka la viatu lililo mkabala na kanisa, akasikiliza nyimbo kutoka ng'ambo ya barabara. Wifi aliwahi kuniambia, tukiwa tunaosha vyombo, "Wifi, wewe ukilala unajua mumeo mtaonana naye mbinguni. Mimi nalala na mtu ambaye kila asubuhi namuaga." Nilikuwa mzee wa kanisa tayari, na niliendelea kusuuza sahani.

Mwaka 1984 kanisa lilijenga kisima cha ubatizo chini ya sakafu ya mimbari. Kilivuja kabla hata hakijatumika, fundi aliyekijenga akapotea, ndipo wazee wakakumbuka kwamba mke wa fulani anaimba kwaya na mumewe ni fundi bomba. Kaka alikiziba, akaweka koki mpya, akavuta na bomba la maji ya moto ili vikongwe wasipate baridi. Tangu hapo hapakuwa na ubatizo bila yeye. Alikijaza kisima usiku wa kuamkia Jumapili, na asubuhi, kabla watu hawajafika, aliingia mwenyewe na nguo zake za kazi. Alikanyaga kila ngazi kutafuta utelezi, akasimama katikati kupima kina, akazama mzima na kuibuka kuona kama mtu atapata pa kushika. Alikuwa anakuja kwangu, mimi mwalimu wa darasa la ubatizo, kuniuliza, "Safari hii mfupi wenu ni nani?" Akishajua, alipunguza maji yamfikie huyo kifuani. Akina mama wa usafi walimtania sana. "Fundi, wewe umezama kuliko sisi sote! Dhambi zako zimekwisha zamani, sasa unaoga za majirani." Naye aliwajibu, "Maji nayajua, mama. Hicho kingine mnachosema kimo ndani ya maji ndicho sijakipata." Ubatizo ukianza, yeye alisimama nyuma ya ukuta wa mimbari, peke yake, mkono kwenye koki, akisikia kila jina linaloitwa.

Lile la mwaka 1991 wenye umri wangu hamjalisahau. Alikuja mhubiri mgeni kutoka mbali, akawahi kufika kanisani kabla ya watu. Anaingia, anamkuta mtu mzima anapanda ngazi kutoka kisimani, maji yanamchuruzika, macho mekundu. Mgeni hakuuliza. Alimkumbatia hivyo hivyo alivyolowa, suti na tai, akaanza kulia na kumwambia, "Karibu nyumbani, ndugu yangu!" Kaka alijaribu kueleza, lakini mgeni alikuwa ameshaanza kuimba. Ibada ilipofunguliwa, mgeni akasimama akatangaza kwamba wakati sisi tunakunywa chai Bwana alikuwa ameshampata mtu wake wa kwanza, na mtu huyo ni fundi wetu wa maji. Kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Wifi alikuwa mstari wa mbele wa kwaya, nami nilikuwa nimekaa upande ule, nikauona uso wake. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu, hata siku ya arusi yake mwenyewe haikuwa hivyo. Ndipo kaka akatokea nyuma ya ukuta, taulo shingoni, akasema, "Samahani sana mgeni wetu. Nilikuwa napima utelezi."

Watu walicheka mpaka benchi zikalia. Wifi naye alicheka, huku kitabu cha nyimbo kimemkinga uso. Jioni ile kaka alinifuata nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua kofia. "Nilimwona," akasema. Nikamuuliza alimwona nani. "Mke wangu. Ilinitosha kunyamaza tu." Nikamwambia kwa ukali kidogo, "Sasa si ungenyamaza!" Akanitazama kama mtu mwenye homa. "Ningemfurahisha kwa kitu ambacho sina," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa, akayanywa, akaenda zake.

Msidhani alikuwa ameridhika. Kuna siku ya kazi niliingia kanisani kuchukua vitabu vya darasa, nikamkuta amekaa benchi la katikati, kofia iko gotini, spana iko sakafuni. Koki ya nje alikuwa ameshaimaliza kuitengeneza. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nimekaa tu. Nilifikiri labda wakati hampo, kukiwa hakuna kelele." Nikaketi nyuma yake, nikazuia pumzi kama mjinga, nikisubiri. Baada ya muda mrefu nikamuuliza, "Na je?" Akasema, "Hakuna kelele." Akaokota spana yake. Nililia siku hiyo, na hakujua.

Mwezi Machi mwaka 2022 alianza kupata shida ya kumeza, na hospitali ikagundua saratani ya koo. Alitibiwa, akapata nafuu, ikamrudia. Sauti yake ikaanza kupotea, kwanza kwenye simu, kisha hata chumbani. Mchungaji wetu, ambaye ni kijana wa rika la binti yake, alikuwa anakuja kumwona kila wiki. Hakuja kumtisha, na hakuja kumbembeleza kwa uongo pia, nami namheshimu kwa hayo yote mawili. Siku moja alimwambia mbele yangu, "Fundi, siwezi kukuficha. Sisi tunaamini kutokuamini si bahati mbaya inayompata mtu. Ni jambo utakaloulizwa."

Kaka akamwashiria asogee karibu, akamnong'oneza, "Na aniulize. Nitafurahi kuulizwa. Maisha yangu yote mimi ndiye nimekuwa nauliza."

Mchungaji alimtengenezea mto. Kisha akamuuliza kwa upole, "Na wewe utamjibu nini?"

"Nitamwambia nilikuwa pale nyuma ya ukuta, koki mkononi. Kila mara nilikuwa pale. Kama kweli yupo, aliniona."

Mchungaji alitoka nje kupiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Sasa nafika kwenye jambo mlilolisubiri. Jumanne tarehe 8 Agosti 2023, mchana, nilikuwa peke yangu naye. Wifi alikuwa ameenda kulala kidogo kwa kuwa hakuwa amelala siku nyingi. Kaka hakuweza tena kusema, lakini akili yake ilikuwa nzima. Nilimshika mkono wa kulia. Nikamwambia, "Kaka, sikuombi hotuba. Nitaomba sala ya toba kwa niaba yako, polepole. Kama umekubali, nibane mkono tu. Kidogo tu. Mimi nitasikia." Nikaomba. Nimewaongoza watu wengi sana katika sala ile, lakini siku hiyo maneno yalinitoka kama naomba mkopo kwa mtu ambaye tayari ananidai. Nilipomaliza nikasubiri. Alinitazama. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile ilikuwa kwangu. Kisha akaufungua mkono wake, vidole vyote vitano, akaulaza wazi juu ya shuka ili nisije nikakosea.

Niliuchukua tena nikaushika mwenyewe. Alikubali nimshike. Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, alfajiri, mkewe na binti yake wakiwa kando yake.

Asubuhi hiyo hiyo mchungaji alifika. Alijua nilikusudia kuomba naye, maana nilikuwa nimemwambia. Tulikaa sebuleni watatu, mchungaji, wifi na mimi, viti vya watu vikiwa bado vinashushwa nje. Akaniuliza, "Mama, alikubali? Hata kwa ishara?" Wifi aliinua uso. Mbele yangu alikuwa na mwanamke aliyeomba jambo moja tangu mwaka 1978, na jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Neno moja la ndiyo lingempa usingizi kwa maisha yake yote yaliyobaki. Lingempa mchungaji joho lake. Lingenipa mimi aya yangu. Hapakuwa na shahidi isipokuwa marehemu, na marehemu hasemi.

Nikasema, "Hapana. Aliufungua mkono."

Wifi alifunga upya kilemba chake. Kisha akasema, "Asante, wifi. Ungesema alibana, ningejua si yeye. Ningeanza kumlilia mtu nisiyemjua." Akasimama akaenda kupika chai. Mchungaji akaniambia hataweza kuvaa joho, sheria naijua. Nikamwambia naijua, mimi ndiye huwa naifundisha. Akasema basi atakuja kama jirani na atashika beleshi kama watu wengine. Mnamwona pale.

Sijasimama hapa kuwaambia hukumu haipo. Nimeifundisha miaka mingi, na siwezi kuifuta leo kwa sababu imefika mlangoni kwangu. Ila nakiri nilikuwa naifundisha kwa wepesi, kama mtu anayetangaza treni ambazo hatapanda yeye. Nilisema asiyeamini ni mtu aliyeuona mlango akakataa kuingia, na wanafunzi wangu wakaandika. Sikuwahi kuwaambia kuhusu mtu anayekaa ng'ambo ya barabara, Jumapili kwa Jumapili, akiutazama mlango huo. Sikujua nimweke wapi. Sijui hata sasa.

Lakini tangu Jumatano nimeona kitu kimoja. Sitaki kaka yangu aachwe bila kuhukumiwa. Sitaki apitishwe kimyakimya kama mzigo usio na mwenyewe. Sisi tulimjua vipande vipande. Mkewe alimjua wa nyumbani, idara ilimjua wa mabomba, mimi nilimjua wa jikoni kwangu, na kanisa lilijua mkono tu nyuma ya ukuta. Hakuna aliyemsikiliza yote. Nataka akae mbele ya mmoja anayeijua kesi nzima, tangu lile dawati alilokaa peke yake, na asikilizwe mpaka amalize. Kama huyo ndiye Hakimu tuliyekuwa tunamhubiri, sina wa kumkabidhi mwingine aliye salama zaidi. Na kama ana rehema kidogo kuliko wifi yangu, basi mimi nimefundisha bure.

Kwa hiyo aya ya imani ya marehemu ni hii, na naomba iandikwe hivyo hivyo: hakuamini, alisema hivyo waziwazi tangu utoto wake mpaka siku moja kabla ya kifo chake, na hakuwahi kumdanganya Mungu hata mara moja.

Marehemu ameacha mjane mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, dada mmoja ambaye ndiye mimi, na majirani ambao kuanzia sasa itawabidi wajue koki kuu ya mtaa iko wapi.

Kwa kuwa hakuna wa kutuombea kwa joho, nitaomba mimi, kama dada mtu. Ee Bwana, huyu ni kaka yangu. Umpumzishe. Hakujui, na akifika hapo kwako atasimama mlangoni, kofia mkononi, bila kujua aanze na neno gani. Usimsubiri yeye. Msalimie wewe kwanza.